Nani Anabonyeza Kitufe cha Kijani?

Nimekuwa kimya kidogo, kazi za gazetini zilinibana kweli kweli. Leo sina siasa wala soka. Nataka kuwasimulia historia ya kitu kidogo sana ambacho huenda umekitumia leo asubuhi bila hata kukiona. Uko ndani ya programu moja ya simu, unagusa namba au kitufe, mara inafunguka programu nyingine kabisa iliyokuja na simu yenyewe: ya kupigia, ya kuandikia ujumbe, ya ramani au kamera.

Najua kuna atakayeuliza, "Sasa hiyo nayo ina historia?" Nami niliuliza hivyo hivyo. Lakini miezi michache iliyopita nilijikuta katikati ya ugomvi juu ya jambo hili, na nikalazimika kuisoma.

Ilikuwa hivi. Chumba chetu cha habari kiliamua kuwa na programu yake ya simu ili wasomaji watuletee habari haraka. Mhariri alitaka jambo moja tu: kitufe kikubwa chekundu, mtu akikigusa simu iite hapo hapo kwenye dawati la habari. "Mtu anavunjiwa nyumba, hana muda wa kubonyezabonyeza," alisema. Nilimuunga mkono kwa asilimia mia. Nimewahi kufika kwenye bomoabomoa saa tatu baada ya tingatinga kuondoka, na najua habari iliyochelewa inafananaje.

Basi nikapewa kazi ya kukaa na kijana wa kuandika msimbo, jamaa yangu tuliyesoma naye chuo. Swali lake la kwanza likanishinda.

"Kaka, unataka programu ipige, au unataka iandike namba halafu mtu apige mwenyewe?"

"Kuna tofauti gani?"

"Kwenye msimbo wa Android ni neno moja tu. Lakini watu wamebishana juu ya neno hilo kwa zaidi ya miaka ishirini."

Tuanze na jambo la msingi kwa wale ambao kompyuta waliiacha kwenye somo la lazima la mwaka wa kwanza. Kwenye simu za leo kila programu inakaa kwenye chumba chake, na ukuta ni mnene. Programu ya gazeti haiwezi kuingia chumba cha programu ya simu na kujifanyia inavyotaka. Inachoweza ni kuandika barua fupi na kumkabidhi mwenye nyumba, yaani mfumo endeshi: "Naomba afunguliwe anayeshughulika na namba za simu, namba yenyewe ni hii." Mwenye nyumba anasoma, anamtafuta anayehusika, anamfungulia mlango. Historia yote ninayotaka kuwaeleza ni historia ya barua hiyo: imeandikwaje, na nani ana neno la mwisho kabla haijatekelezwa.

Barua za namna hiyo ni za zamani kuliko simu janja. Vikompyuta vya mkononi vya Palm, vilivyoingia sokoni Marekani mwaka 1996, vilikuwa na amri ya kuifanya programu moja iamshe nyingine na kuipa maelekezo ya nini cha kufanya ikiamka. Lakini Palm ya kwanza haikuwa simu. Ikiamshwa vibaya, hasara yake ilikuwa kuonyesha kalenda wakati ulitaka daftari la anwani. Hakuna shilingi iliyopotea.

Mambo yalibadilika programu zilipoingia kwenye kifaa chenye salio. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni za simu zilileta WAP, ile intaneti ya maandishi matupu kwenye kioo kidogo. Ndani yake kulikuwa na utaratibu wa kuwezesha ukurasa kuomba simu ipigwe. Kisha Aprili 2000 Antti Vähä-Sipilä wa Nokia akachapisha waraka uitwao RFC 2806, uliopendekeza namba ya simu iandikwe kama anwani ya mtandao: neno tel, nukta mbili, kisha namba. Waraka huo ulifanyiwa marekebisho Desemba 2004 na kuwa RFC 3966. Kila unapogusa namba ya simu kwenye tovuti leo na kioo cha kupigia kikafunguka, nyuma yake kuna herufi hizo tatu na nukta zake mbili.

Uzuri wa wazo hilo ni urahisi wake. Anayeandika ukurasa hahitaji kujua simu yako ni ya kampuni gani wala programu yako ya kupigia inaitwaje. Na hapo hapo ndipo lilipo tatizo. Ukurasa wowote, hata wa mtu usiyemjua, unaweza kuandika barua hiyo.

Ikaja Java ya simu, zile simu za vitufe zilizojaa michezo midogo. Toleo la pili la kanuni zake, MIDP 2.0, lilikamilika mwaka 2002 na lilikuwa na amri iitwayo platformRequest. Mtengenezaji mchezo akiipa anwani inayoanza na tel, simu ilitakiwa kuichukulia kama ombi la kupiga simu ya sauti na kulipeleka kwa programu ya kupigia. Kwenye baadhi ya simu mchezo ulipaswa ujifunge kwanza ndipo ombi lishughulikiwe, kwa sababu simu haikuweza kuendesha vitu viwili kwa wakati mmoja.

Waliotunga kanuni hizo hawakuwa wajinga. Walijua kupiga simu na kutuma ujumbe ni kutumia fedha za mwenye simu, hivyo programu isiyo na saini inayoaminika ilipaswa kumwomba ruhusa kila mara. Lakini kuuliza ni jambo moja, kueleweka ni jingine. Mwaka 2006 kampuni ya Kaspersky iliripoti kirusi cha Java kilichoitwa RedBrowser. Kilijifanya kinakupa intaneti ya bure kupitia ujumbe mfupi, kumbe kinatuma ujumbe kwenda namba za gharama kubwa. Simu iliuliza, na watu wakajibu ndiyo.

Hapa naomba nikiri. Mwaka 2009 nikiwa darasa la tatu, mama alikuwa na kisimu chenye mchezo wa magari. Kila nikifika mahali fulani kikatokea kisanduku cha maneno ya Kiingereza. Sikujua yanasema nini. Nilijua tu kwamba nikibonyeza kitufe cha kushoto kinaondoka na gari linaendelea. Jioni mama alitaka kumpigia bibi aliyekuwa amelazwa, akakuta salio lote limekwisha. Nilichapwa. Mama aliamini nilimpigia rafiki yangu, na kwa miaka mingi sikuwa na maelezo bora zaidi ya kumpa. Leo ninayo: niliulizwa, nikajibu ndiyo, na sikuwa najua swali.

Tusonge mbele hadi 2007, mwaka wenye mambo mawili. Machi mwaka huo Safaricom ilizindua M-Pesa nchini Kenya, na mwaka uliofuata huduma hiyo ikaingia Tanzania kupitia Vodacom. Juni ikauzwa iPhone ya kwanza kule Marekani. Hayo mawili hayakuwa na uhusiano wowote wakati ule, lakini shikilieni kidogo, yatakutana mbele.

iPhone ya kwanza haikuwa na duka la programu. Steve Jobs aliwaambia watengenezaji programu Juni 2007 kwamba waandike kurasa za mtandao, na kurasa hizo zingeweza kupiga simu, kutuma barua pepe na kutafuta mahali kwenye ramani. Yaani kabla mtu wa nje hajaruhusiwa kuweka programu hata moja kwenye iPhone, tayari aliruhusiwa kuziamsha programu za ndani. Duka la programu lilifunguliwa Julai 2008, na utaratibu ukabaki ule ule wa anwani: programu inaukabidhi mfumo anwani, mfumo unaangalia mwanzo wake, unamfungulia mhusika.

Mwaka huo huo wa 2008 ikatoka simu ya kwanza ya Android, nayo ilikuwa na falsafa yake. Barua yao waliipa jina linalomaanisha nia, au kusudio. Programu inasema, "Nina kusudio la kupiga picha," au "nina kusudio la kutuma ujumbe," na programu yoyote iliyojitangaza kwamba inaiweza kazi hiyo inaweza kujibu. Zikiwa zaidi ya moja, mwenye simu anachagua. Kwa hiyo hata programu ya kupigia iliyokuja na simu ni mjibu barua kama wengine, na unaweza kuweka nyingine mahali pake. Kwa upande wa iPhone ilichukua muda mrefu: mipangilio ya kuchagua programu nyingine ya simu na ya ujumbe iliingia na iOS 18.2 Desemba 2024.

Sasa tumefika kwenye lile neno moja la jamaa yangu. Android ina makusudio mawili ya simu. La kwanza ni ACTION_DIAL: fungua kioo cha kupigia, andika namba, kisha subiri. Halihitaji ruhusa yoyote, maana kitufe cha kijani kinabaki chini ya kidole cha mwenye simu. La pili ni ACTION_CALL: piga. Hili linahitaji programu iombe ruhusa iitwayo CALL_PHONE. Na hata ukiwa na ruhusa hiyo, ACTION_CALL haliruhusiwi kupiga namba za dharura kama 112. Kwa namba hizo unatakiwa kutumia lile la kwanza, ili binadamu abonyeze mwenyewe.

Nilipomsomea mhariri jambo hilo hakufurahi. "Kwa hiyo Google wanajua shida za wasomaji wangu kuliko mimi?" Nilicheka, lakini moyoni nilikuwa upande wake. Kwa nini mashine imcheleweshe mtu mwenye shida?

Jibu la kwanza nililipata kwenye mkasa wa Septemba 2012. Ravi Borgaonkar, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, alisimama kwenye mkutano wa usalama wa kompyuta wa Ekoparty jijini Buenos Aires na kuonyesha jinsi ukurasa wa mtandao ulivyoweza kufuta kila kitu kwenye baadhi ya simu za Samsung. Silaha yake ilikuwa ile ile tel na nukta mbili. Badala ya namba ya mtu, ukurasa ulibeba msimbo wa nyota na reli unaoiamuru simu irudi ilivyotoka kiwandani. Misimbo ya aina hiyo haisubiri kitufe cha kijani. Jaribu kuandika *#06# kwenye simu yako, utaona namba ya utambulisho wa simu ikitokea mara tu unapoweka reli ya mwisho. Programu za kupigia kwenye simu zile zilichukua kilichoandikwa na ukurasa kana kwamba kimeandikwa na kidole cha mwenye simu. Samsung ilitoa marekebisho, lakini somo lilibaki: kuandika tu namba, jambo tuliloliona salama, kunaweza kuwa amri.

Na hapa ndipo ule mwaka 2007 unaporudi. Huko kwa wenzetu nyota na reli ni mambo ya mafundi. Kwetu sisi ni benki. Mama ntilie, bodaboda, mwalimu, wote wanajua nyota mia na hamsini nyota sifuri sifuri reli. Fedha za watu ziko nyuma ya reli. Kwa hiyo programu inayoweza kuamsha kioo cha kupigia na kuandika humo inagusa mlango wa duka letu. Apple waliandika kwenye mwongozo wao kwa watengenezaji kwamba anwani ya tel yenye nyota au reli haitapigwa, ili watu wenye nia mbaya wasichezee simu au akaunti ya mtu. Kwenye Android inawezekana, ila reli lazima iandikwe kwa siri yake, %23, kwa sababu kwenye anwani za mtandao alama ya reli ina kazi nyingine na kinachoanzia hapo hukatwa. Jamaa yangu anasema kijana anayejifunza kuandika programu Dar au Nairobi hukutana na jambo hilo mapema kabisa, maana mradi wake wa kwanza mara nyingi ni kufupisha njia ya kutuma pesa. Mwaka 2017 Android 8 ilileta amri rasmi ya programu kuwasiliana na huduma hizo za nyota na reli bila kupitia kioo cha kupigia, nayo pia inadai ile ruhusa ya CALL_PHONE.

Iko mikasa mingine. Mwaka 2014 mtengenezaji programu mmoja wa Copenhagen alionyesha kwamba baadhi ya programu maarufu za iPhone zilipiga simu mtu akigusa tu kiungo, bila kuuliza, hivyo kiungo kingeweza kukupigisha namba ya gharama kubwa. Novemba mwaka huo Twitter ilitangaza kwamba itakusanya orodha ya programu zilizomo kwenye simu za watumiaji wake. Kuijua orodha hiyo haikuwa kazi ngumu: kwenye iPhone programu ilikuwa inaweza kuuliza, "Je, yupo wa kuipokea barua hii?" Ukiuliza hivyo kwa majina mengi, umejua mwenzako ana nini simuni. Toleo la iOS 9 la mwaka 2015 likaitaka programu itaje mapema majina itakayouliza. Android 11 ikafuata mwaka 2020 kwa kanuni inayofanana na hiyo. Fikiria programu ya kuchumbiana, ya dawa za ugonjwa fulani, au ya mkopo. Kujua tu kwamba ipo ni kujua siri.

Lakini ulionishtua zaidi ni wa Oktoba 2016 huko Arizona, Marekani. Kijana wa miaka 18 alisambaza kiungo ambacho mtu akikigusa, iPhone yake ilianza kupiga 911 mfululizo. Polisi wa mji wa Surprise, karibu na Phoenix, walipata simu zaidi ya mia moja ndani ya dakika chache. Jaribu kuwaza mtu ambaye nyumba yake ilikuwa inaungua kweli dakika zile zile. Mwaka uliofuata, na toleo la iOS 10.3, Apple iliweka kisanduku cha kuthibitisha kabla simu haijapigwa.

Nikaenda tena kwa mhariri na hoja zangu. Alinisikiliza, akasema, "Hizo za Arizona. Nionyeshe za hapa." Ni mtu wa gazeti bwana, anataka ushahidi. Tukakubaliana kutengeneza programu ya majaribio inayopiga moja kwa moja kama alivyotaka, na kuiweka kwenye simu tano. Moja tulimpa mama anayetuuzia chakula mchana.

Jumatatu simu ya dawati iliita mara nne kutoka kwake. Mara ya kwanza mhariri mwenyewe alipokea, akasikia sufuria na mtoto anaimba. Mara ya pili mtoto alimwambia "shikamoo". Mara ya tatu na ya nne hakuna aliyesema kitu. Wakati huo huo kulikuwa na msomaji wa Kibaha aliyekuwa anatutafuta juu ya ajali, akawa anakuta laini inatumika. Tulimpata jioni, baada ya vyombo vingine kupita.

Nilipokwenda kwa mama kula nilimkuta amenuna.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, hiki kitu chenu kimekula salio langu la kuagizia mkaa."

"Si ulikubali ruhusa mama? Simu iliuliza mwanzoni."

"Iliniuliza mimi. Haikumuuliza mjukuu wangu."

Wadau, nimesoma nyaraka nyingi juu ya jambo hili na sijaona aliyeliweka vizuri kuliko huyu mama. Ruhusa ile huombwa mara moja, kwa aliyeshika simu siku ile. Baada ya hapo simu inashikwa na mtoto, na mume, na mwizi, na mfuko wa suruali. Kitufe cha kijani kinauliza kila siku, na kinamuuliza aliyepo. Nilimrudishia fedha yake ya mkaa, na nikakumbuka kile kisanduku cha Kiingereza cha mwaka 2009.

Mhariri alibadilisha msimamo siku iyo hiyo, ingawa hajakiri hadi leo kwamba alikosea. Programu yetu sasa inatumia ACTION_DIAL. Unagusa kitufe chekundu, kioo cha kupigia kinafunguka, namba yetu iko pale, unabonyeza kijani mwenyewe. Ni mguso mmoja zaidi. Anayevunjiwa nyumba bado anatupata, na laini inakuwa wazi anapotutafuta.

Jumapili iliyopita nilimpigia mama yangu nikamweleza habari ya ule mchezo wa magari, miaka yote hii baadaye. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo hukumpigia mtu?" Nikamwambia hapana. "Basi samahani kwa zile fimbo," akasema, "lakini ulibonyeza."

Hapo sikuwa na la kujibu. Ninyi mnaonaje? Kama una kisa cha simu iliyojipigia yenyewe, nidokezee. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.